Mzee wa TEHAMA na mistari iliyoondolewa

Hakupenda kusoma. Nasema hivi kuhusu mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini kuanzia asubuhi mpaka saa tisa na nusu, na najua waliomfahamu watabisha, lakini ndivyo alivyokuwa. Kwenye karatasi za hospitali yetu pale Makambako aliitwa Afisa TEHAMA. Sisi tulimwita Mzee wa TEHAMA, na baadaye Mzee tu. Ukimpelekea ripoti ya kurasa tatu alikurudishia bila kuifungua. "Niambie neno unalolitafuta," alisema. "Mimi si mchungaji wa kusoma sura nzima."

Leo haoni. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebakiza kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Naiweka habari hii hapa mbele kwa sababu sipendi masimulizi yanayomzungusha msomaji, na kwa sababu nina mkono wangu katika jambo hilo. Nitalieleza. Kwanza nataka mumjue, maana watu wakisikia mtu kapofuka wanaanza kumhurumia, na yeye huruma ilikuwa inamkera kuliko umeme kukatika.

Mimi nilikuwa, na bado ni, mtunza kumbukumbu za wagonjwa. Nilipoajiriwa nilikuwa na watoto wawili na cheti cha kompyuta ambacho hakikunifundisha chochote zaidi ya kuandika barua na kuipamba. Mzee alikitazama cheti kile, akakirudisha kwenye bahasha taratibu, akaniambia nivute kiti. Akafungua dirisha jeusi. Kila kompyuta inalo, ila wengi hawajawahi kulifungua. Humo huna picha za kubonyeza. Unaandika amri kwa maneno, nayo inakujibu kwa mistari, wakati mwingine mistari elfu inayopita mbio mpaka unasikia kizunguzungu. Kazi ya Mzee ilikuwa kuichekecha. Alitaja neno, na mistari yenye neno lile tu ikabaki. Akiongeza alama ya kugeuza, mambo yalikuwa kinyume: yenye neno lile iliondoka, iliyosalia ndiyo ikaonekana.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Hujaona. Umeona iliyobaki. Iliyoondoka hujaiona."

Nilidhani anajivuna tu. Alikuwa na tabia hiyo pia.

Alikuwa Mkinga wa Makete, huko juu ya Bulongwa, na mimi ni Mbena wa Kichiwa, kwa hiyo utani baina yetu haukuomba ruhusa. Nilimwuliza kila siku ilikuwaje Mkinga akaajiriwa wakati wenzake wana maduka kuanzia stendi mpaka relini. "Duka ninalo," alijibu. "Nauza mistari." Naye akiniona nimechelewa alitangaza kwa wote kwamba mama Tumaini alikuwa anaviaga viazi vyake kimoja kimoja. Wahudumu walicheka, mimi nilinuna, na kufikia saa nne ya chai tulikuwa tumeshasahau.

Baridi aliiogopa, jambo la ajabu kwa mtu wa Makete. Alivaa sweta mbili mwaka mzima, ya kahawia ndani na ya kijani juu, hata mwezi wa kumi na moja jua linapochoma. Upepo wa Makambako aliuchukulia kama mtu anayemtafuta yeye binafsi. Na hapa ndipo palipokuwa na kichekesho. Alitukataza kuingia na chai kwenye chumba cha kompyuta, akabandika na tangazo mlangoni, lakini yeye mwenyewe aliingiza jiko la mkaa, akaliweka chini ya meza, hatua mbili kutoka ile mashine kubwa iliyobeba kumbukumbu zote za hospitali. Mganga mkuu alimgombeza. Mzee alisikiliza kwa adabu zote, akaitikia, akalitoa jiko nje. Kesho yake jiko lilikuwa chini ya meza.

Amri ile ya kuchekecha ilikuwa na majina tofauti, na hilo lilimfurahisha kuliko kitu chochote. Ile mashine kubwa ilitumia Linux, na huko amri iliitwa grep. Kompyuta za mapokezi na zetu zilikuwa za Windows, na huko iliitwa findstr. Kulikuwa na daktari mgeni aliyekuja mara chache kwa mwaka na kompyuta yake yenye alama ya tufaha. Hiyo nayo ilitaka grep, ila ilikataa baadhi ya alama ambazo Linux ilizipokea bila ubishi. Mzee alikuwa na kaunta buku aliyoigawa safu tatu, moja kwa kila aina, na kila amri aliyoijua aliiandika mara tatu. Kaunta buku ile ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki wa mbolea, umefungwa kwa kamba ya katani. Mtu aliyeaminiwa kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa kwenye kompyuta, za kwake alizihifadhi kwenye mfuko wa mbolea.

"Zote ni kompyuta," nilimwambia siku moja. "Kwa nini zisikubaliane?"

"Wewe na wifi yako mnakubaliana?"

Nikacheka, nikarudi kwenye mafaili yangu.

Windows alimwita shemeji. Alisema shemeji ukimwuliza jambo moja anakujibu na la jirani. Nilidhani ni maneno ya kujifurahisha mpaka siku mganga mkuu alipotaka orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu, haraka, kabla wageni wa mkoa hawajafika. Mzee alikuwa Njombe kikazi. Nikaiandika amri mwenyewe kwenye kompyuta yangu, nikaweka maneno mawili, kifua na kikuu, ndani ya alama za kunukuu kama nilivyomwona akifanya kwenye mashine kubwa. Orodha ikatoka. Ikaendelea kutoka. Printa ikamaliza karatasi. Mganga mkuu alizishika zile kurasa, akasoma majina ya watoto, ya bibi kizee, ya mke wake mwenyewe, akakaa chini.

"Mama Tumaini," alisema, "Makambako nzima ina kifua kikuu?"

Kumbe Windows ikiona maneno mawili yameachana inayatafuta kila moja peke yake. Ilikuwa imenikusanyia kila aliyewahi kuandikiwa neno kifua, na ilikuwa mwezi wa sita, mwezi ambao hakuna asiyekohoa. Nilimpigia Mzee simu. Hakunigombeza. Alinitajia alama moja ya kuongeza mbele ya maneno yale ili yasomwe pamoja, nikaiandika, na majina yakabaki machache ya kushikika mkononi. Aliporudi alinunua maandazi akayagawa ofisi nzima, akitangaza kwamba yanatoka kwa mama Tumaini kusherehekea kupona kwa mji wote. Alinitania kwa jambo hilo mpaka nikazoea.

Niseme pia kwamba hakuwa mtu mwepesi. Aliweza kukaa siku nzima bila kumsalimu mtu, na ukimwuliza kulikoni anakujibu hakuna. Mke wake alifariki kabla sijaajiriwa na sikuwahi kumsikia akimtaja ila mara moja, alipokuwa anafunga sweta, akasema mkewe ndiye aliyeifuma. Kanisani aliimba besi, akiwa amekishika kitabu cha nyimbo kimefungwa. Tulimsifu kwa kuzijua nyimbo zote kwa kichwa. Aliwapenda wagonjwa kwa namna ya mbali, kama mistari, lakini mstari mmoja ukipotea alikuwa hapati usingizi. Niliwahi kumkuta amepekua kumbukumbu za wiki nzima kutafuta jina la mama mmoja wa Kitandililo aliyesema alikuja na kupimwa, na sisi tukamwambia hayumo. Alimpata. Jina lake lilikuwa limeingizwa kwenye faili la siku nyingine. Mzee akatoka kwenda kumwomba radhi mama yule kwenye benchi, kofia mkononi, na mama akashangaa huyu ni nani.

Siku hiyo ndipo aliponifundisha kuhusu kimya. Ukiuliza kitu kwenye lile dirisha jeusi na kisipatikane, halikwambii hakuna. Halisemi lolote. Linakurudishia nafasi ya kuandika amri nyingine, basi. "Kimya kile," alisema, "watu wanakichukua kama jibu. Mimi sikichukui. Labda ulichotafuta hakimo. Labda umeuliza vibaya. Mpaka ujue ni lipi, usimwambie mtu hayumo."

Aliamini hivyo kwa dhati. Kwa wengine.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe. Mfumo wa kompyuta ulipofungwa hospitalini kwetu, kabla haujaanza kutumika, ilibidi ujaribiwe, na wagonjwa wa kujaribia hawakuwepo. Kwa hiyo Mzee aliwaingiza watumishi. Kila mmoja wetu aliandikwa mgonjwa, akapewa ugonjwa wa uongo, na watu walifanya mchezo. Muuguzi mkuu aliandikiwa kuvunjika mguu. Dereva wa gari la wagonjwa, mwanaume wa futi sita, aliandikwa mjamzito wa miezi saba. Tulicheka mpaka machozi. Kazi ilipoanza rasmi ikagundulika kwamba mfumo ule haukubali mtu afutwe. Ukishaingia, umeingia. Dereva alikuwa anatokea kwenye ripoti za kliniki ya wajawazito kila mwezi, na mkoani walianza kuuliza.

Mzee akapata dawa. Kwenye mstari wa kila mtumishi aliweka neno mtumishi, na kwenye kila amri ya kutoa orodha akaongeza ile alama ya kugeuza: mistari yenye neno mtumishi iondoke. Ikaondoka. Ripoti zikawa safi, dereva akajifungua salama, na neno lile likakaa ndani ya kila amri kwenye kaunta buku, safu zote tatu. Hakuna aliyelifikiria tena. Mtumishi akiugua kweli alitibiwa na wenzake uso kwa uso, nani angehitaji kumtafuta kwenye orodha?

Kisha radi ikapiga. Radi za huku kwetu si za kusimulia kwa mgeni, hataamini. Ile mashine kubwa ikafa kifo cha moja kwa moja, ikabaki diski yake tu, na kazi zote zikahamishiwa kwenye kompyuta ya Windows iliyokuwa mezani kwangu. Mzee akaniita akanikabidhi kaunta buku. Sijawahi kupewa kitu kwa heshima kama ile. Nilikaa nayo wiki tatu, nikazihamisha amri moja moja, nikazijaribu, nikalinganisha kila orodha mpya na ya zamani mpaka idadi ya mistari ilipokuwa ileile. Pale ambapo grep iliondoa watumishi, nilihakikisha findstr nayo inawaondoa. Nilijisikia mtaalamu. Mzee alisimama nyuma ya kiti changu, akasema, "Safi. Hakuna kilichopungua."

Mwaka juzi walikuja madaktari wa macho. Walikaa kwetu siku mbili, watu wakatoka vijijini wakalala kwenye mikeka uwanjani, na kila aliyepita alipimwa presha ya macho kwa kimashine kinachopuliza upepo. Presha ya macho haiumi. Inakula pembeni kwanza, polepole, na wewe unaendelea kuona kilicho mbele yako na kujiona mzima. Ukiwahi, matone yanaizuia. Ukichelewa, kilichokwenda hakirudi. Haya yote niliyajua baadaye. Siku ya pili jioni, wagonjwa walipokwisha, madaktari walisema basi na nyie watumishi pangeni mstari, tukajipanga huku tunataniana. Mzee alipopulizwa aliruka na kiti. "Kimenitemea mate," alisema, na daktari mwenyewe akacheka.

Muuguzi wao aliingiza vipimo vyote kwenye kompyuta, kila mtu kwenye mstari wake wa siku zote. Waliokuwa na presha ya juu, mwisho wa mstari wao aliandika neno moja: aitwe. Akatuambia, "Tutawapigia simu wote wanaotakiwa kurudi. Usipopigiwa, ujue uko salama."

Kesho yake, kabla ya kuondoka, waliomba orodha. Nilifungua dirisha jeusi nikaiendesha ile amri niliyoihamisha kwa mikono yangu: onyesha mistari yote yenye neno aitwe, ondoa yenye neno mtumishi. Mzee alikuwa nyuma yangu, kikombe mkononi, kwenye chumba ambacho chai ilikatazwa. Majina yakatoka. Tuliyahesabu wote wawili. Akasema ni wengi, masikini. Nikachapisha, nikawapa, watu wale wakapigiwa simu, wakarudi, wakapewa dawa.

Mstari wake ulikuwemo kwenye faili lile. Ulipita mbele yetu sote na amri yake mwenyewe ikauondoa, mimi nikiwa nimeweka kidole kwenye kitufe.

Na yeye hakupigiwa simu. Yeye, aliyekataa kimya kwa niaba ya mama wa Kitandililo, cha kwake alikipokea na kukishukuru. Alituambia macho yake yamepimwa na wataalamu, ni ya kijana. Alisema hivyo alipoanza kujikwaa kwenye toroli la kufulia. Alisema hivyo alipomimina chai pembeni ya kikombe. Alipoongeza ukubwa wa herufi mpaka mstari mmoja ukajaza skrini nzima, alisema ni kwa ajili yetu sisi tunaosimama nyuma. Sisi tulicheka. Mimi nilicheka sana, naliandika hili ili lisije likapotea. Siku moja alipita karibu nami uwanjani mchana kweupe, nikamwamkia, akaendelea kwenda akiwa ametazama mbele, nami nikasema moyoni, leo Mzee ana zile siku zake za kutosalimu.

Binti yake ndiye aliyeshtuka. Anaishi Njombe, alikuja kumtembelea, akamwona baba yake akitafuta mlango kwa kiganja. Wakaenda hospitali kubwa ya mbali. Daktari wa huko alimwuliza kama hajawahi kupimwa. Akajibu kwamba alipimwa, yuko salama. Waliporudi binti alikuja kuchukua vitu vyake ofisini, sweta ya akiba na lile jiko, akanisimulia mambo haya akiwa amesimama, bila kumlaumu mtu. "Baba anasema alipimwa hapahapa," alisema. "Anasema mashine haikuona kitu."

Alipoondoka nilifunga mlango. Nikaandika jina la Mzee peke yake, bila kuondoa chochote. Mstari ukatoka, mmoja. Jicho la kulia, juu. Jicho la kushoto, juu sana. Aitwe.

Niliufunga ule mstari, nikaufungua tena, kana kwamba kuna namna ya kuuliza ambayo ingetoa jibu jingine. Nilitaka kumpigia, nikaweka simu chini. Ningemwambia nini, na ingemsaidia nini? Nilizungumza na mume wangu, akasema ni mipango ya Mungu, nikamwambia anyamaze. Mvua zikanyesha, zikaisha. Kila mwezi niliitoa orodha ya kliniki, na amri ile niliigusa kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Nilikuwa nimeitoa alama ya kuwaondoa watumishi. Dereva alirudi kuwa mjamzito, mkoani wakauliza tena, na mimi nikawaambia ni kosa la mfumo.

Mwezi wa sita huu, Jumamosi, nikashindwa. Nikapanda gari kwenda Njombe. Nyumba ya binti iko mteremkoni, imezungukwa na miparachichi, na Mzee alikuwa ameketishwa ukutani upande wa jua. Sweta zote mbili zilikuwepo. Amepungua.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene, mama Tumaini." Aligeuza uso kunitafuta, akanikosa kidogo, akanipata. "Umenenepa, au ni sauti tu?"

"Ni sauti tu, Mzee."

"Kichiwa wamevuna?"

"Wamevuna."

Binti alituletea chai na viazi vya kuchemsha. Nilimwona akiweka kikombe mkononi mwa baba yake na kuukunja mkono juu ya kikombe, kidole kwa kidole. Nilizungumza mambo mengi ya ovyo. Nilimpa habari za muuguzi mkuu kustaafu, za paa la maabara, za kompyuta mpya zilizofungwa ambazo hata hazifungui dirisha jeusi bila ruhusa. Aliuliza maswali, nikajibu. Niliona chai yangu inapoa, nikajua nikimaliza viazi nitaondoka bila kusema.

"Mzee, ulipimwa macho pale kwetu."

"Nilipimwa."

"Ulitakiwa kuitwa. Iliandikwa. Amri yetu ya kuondoa watumishi ndiyo iliyokuondoa. Mimi ndiye niliyeiendesha."

Jogoo alipita, binti akamfukuza, akaingia ndani. Mzee aliweka kikombe chini, akikosa kistuli mara moja kabla ya kukipata. Niliona kinywa chake kikisogea na nikajua anaisoma ile amri kichwani, neno kwa neno, kutoka mwanzo.

"Niliiandika mimi," alisema mwishowe.

"Ni mimi niliyeihamisha."

"Uliihamisha vizuri. Nilisimama pale." Akapitisha kiganja usoni. "Nilisimama palepale."

Nililia. Sikuwa nimepanga kulia, ilikuwa aibu, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma sekondari. Aliniacha nilie. Sijui kama alikuwa ananihurumia au anajihurumia, na sikuthubutu kumtazama vizuri, ingawa nilijua hawezi kuona kwamba namtazama. Sikuwa na kitu cha kumpa.

"Siku ile watumishi tulikuwa wengi," alisema.

"Ndiyo. Wote waliokuwa zamu."

"Walioandikiwa aitwe ni wangapi?"

Nilifuta uso.

"Mama Tumaini, nimekuuliza."

"Sijui, Mzee. Nilitafuta jina lako."

"Ulitafuta jina langu tu?"

"Ndiyo."

"Na ni muda gani umepita tangu ulitafute?"

Nikamwambia. Sauti yake haikupanda, lakini aliinuka, akiushika ukuta.

"Alipimwa mpishi. Walipimwa wale wasichana wawili wa maabara. Dereva alipimwa. Wana watoto wale. Faili lipo?"

"Lipo. Diski ya ile kompyuta yangu ya Windows ipo kwenye kabati langu."

"Nani yuko ofisini leo afungue?"

"Hakuna. Ni Jumamosi. Ufunguo ninao mimi."

"Basi umekaa hapa unafanya nini? Magari bado yapo. Nenda."

Nilisimama. Nilikuwa nimekuja kusamehewa, labda na kugombezwa, nikawa nafukuzwa niwahi gari. Nilimshika mkono kumuaga, akaung'ang'ania.

"Wewe ulikuwa nyuma yangu kwenye mstari," alisema. "Ulicheka nilipopulizwa. Kisha ukakaa kwenye kile kiti."

"Nilikaa."

"Ulipigiwa simu?"

"Sikupigiwa, Mzee."

Akauachia mkono wangu. Binti alitoka na mfuko wa maparachichi, akaniuliza mbona haraka hivyo, na sikumbuki nilimjibu nini. Nilipanda mpaka barabarani nikapata gari. Tulipofika kwenye mashamba ya chai niliziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikaona wachumaji wote na vikapu vyao mpaka ng'ambo. Nikaziba la kulia, nikawaona vilevile. Nilifanya hivyo njia nzima, kwenye chai, kwenye miti ya miwati, kwenye misonobari, mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama macho yananiuma. Nilimwambia hayaniumi, naona sawasawa. Na Mzee naye siku ile, nyuma ya kiti changu, alikuwa anaona sawasawa.